Soma, Sema

Kambi ya Pili, nyuma ya reli ya Pongwe,
mwalimu wa ngumbaru aligonga ubao:
Soma! Baba akasoma.
Sema! Baba akasema,
akiandika kwa mkono wa kushoto
herufi zilizolala kama walevi.
Wa kulia ulikuwa umetangulia.

Korona iliutwaa saa tatu asubuhi
pamoja na fungu la majani.
Bombo walimshona, wakataka kuutupa.
Akakataa. Akaurudisha kambini ndani ya gunia,
akauzika mwenyewe mpakani mwa shamba,
na kila Pasaka alikwenda kuusalimia.

Miaka mingi baadaye, chuoni,
nikakutana na maneno yale yale mawili
kwenye ulimi wa Wayunani.
Soma, kwao, ni mwili.
Sema ni kaburi.
Waliyatamka pamoja, kama methali:
mwili ni kaburi, roho imezikwa humo ingali hai,
na kufa ndiko kufunguliwa.
Nilicheka peke yangu maktaba.
Kisha sikucheka.

Ndiyo maana walipoambiwa, kule Athene,
kwamba maiti mmoja amesimama,
baadhi yao walishika mbavu.
Mfungwa gani, akishatoka,
huomba arudishiwe gereza lake?
Na wengine wakauliza, swali lenye meno:
samaki akimla baharia,
na mtu akamla samaki,
siku hiyo nyama itakuwa ya nani?

Nikamletea Baba swali, likizo ya Desemba.
Alikuwa akimenya muhogo, ameubana kwa magoti.
Hakuinua macho.
"Mkono wangu umeliwa na mkonge," alisema.
"Mkonge umekatwa, umeanikwa, umesokotwa.
Huenda sasa unafunga meli
kwenye bandari nisiyoijua."
Akamenya tena. Halafu, kwa sauti ya darasani:

Nusu nimetanguliza, nusu ningali kambini,
Mungu akiniuliza, mkono u shamba gani,
Nitamjibu: chunguza, tafuta humo kambani,
Aliyesuka mwanzoni, kusuka tena si kazi.

Amekufa Jumanne.
Alfajiri ya mazishi nilikwenda mpakani na jembe.
Sikupata mfupa. Udongo mwekundu, mizizi,
na mlingoti mmoja wa mkonge uliokwisha chanua,
shina lake limekauka chini,
vitoto vikidondoka kutoka juu
tayari vina majani.
Si ule ule. Wala si mwingine.
Wakristo wa kale walitumia mfano wa punje;
hawakuwahi kuuona mkonge.
Nilichota udongo, kiganja kimoja.

Padre Hilarioni, kijana, anayeikimbia mvua,
alisema juu ya jeneza:
"Ameuvua mwili kama koti chakavu. Roho imeruka."
Watu wakaitikia Amina.
Nilitaka kumnong'oneza: Padre,
hapo umehubiri Kiyunani.
Lakini Mama alikuwa ameinama
juu ya ule mkono wa shati
uliokunjwa na kubanwa kwa pini miaka thelathini.
Aliichomoa pini.
Akaunyosha mkono wa shati hadi mwisho,
akakifunga na kifungo chake,
kama unavyomwandalia mtu aliye njiani.
Nikautia udongo wangu humo.

Sijui. Usiku bado naisikia hoja ya Wayunani:
ni nzuri, imenyooka,
haina uchafu chini ya kucha.
Baba alikuwa na uchafu chini ya kucha,
zote tano.

Kwao neno la pili ni kaburi.
Kwetu ni amri.
Nikifumba macho, yupo anayegonga ubao,
anamwelekea yule aliyelala benchi la nyuma:
Soma.
Kimya.
Sema.

Nangoja. Baba hakuwahi kujibu upesi.
Alilamba midomo kwanza,
akautafuta mstari kwa kidole.